Maputo Juu ya Ujia wa Turkana

Mwezi Julai 1934, wanasayansi wawili wa Kiingereza, Martin na Dyson, walipanda mashua kwenye Ziwa Turkana, ambalo siku hizo liliitwa Rudolf, wakavuka hadi Kisiwa cha Kusini. Walikuwa katika msafara wa mtafiti kijana Vivian Fuchs, aliyekuja kuchunguza miamba na mabonde ya kaskazini mwa Kenya. Hawakuonekana tena. Mshukiwa mkuu alikuwa upepo, na hadi leo hajabadilika.

Wenyeji hawakuhitaji kuambiwa habari za upepo huo. Wavuvi wa ziwa hupanga safari zao kwa kuufuata, na mfugaji wa Turkana huujua kwa namna mchanga unavyomchapa miguuni. Wapagazi kutoka Zanzibar na mrima, waliofika ziwani Machi 1888 pamoja na Sámuel Teleki na Ludwig von Höhnel, nao waliuonja. Ila kuujua upepo kwa ngozi ni jambo moja, na kujua unaanzia wapi, una kimo gani, unakazana saa ngapi na unaishia nchi gani ni jambo jingine. Upepo wa ardhini ni mwongo. Huzuiwa na kilima, huparuzwa na miti, hupandishwa na joto la mawe. Mwenye kutaka ukweli wake hana budi kupeleka juu kitu kisicho na nguvu zake mwenyewe, kitakachokwenda popote upepo upendapo, kisha akifuatilie kwa macho dakika kwa dakika. Kitu hicho ni puto, na puto halipandi bila gesi. Hapo ndipo shida ilipoanzia kwa nchi kama Turkana.

Haidrojeni ndiyo gesi nyepesi kuliko zote, lakini chombo cha kuibebea ni kizito vibaya. Mtungi wa chuma wa kawaida una uzito wa kilo 60 hivi, na ndani yake, baada ya kushindiliwa kwa shinikizo kubwa, kuna mita za ujazo sita au saba tu za gesi. Ukiipima gesi hiyo peke yake, haifiki hata kilo moja. Kwa hiyo lori linalotoka Nairobi kwenda Lodwar na mitungi ya haidrojeni, safari ya karibu kilomita 700, kwa hakika linabeba chuma. Tena gesi ikiisha, chuma kile kile lazima kirudi Nairobi kikajazwe upya, na uzito wake ni karibu ule ule. Barabara ya kutoka Kitale kuteremka Bonde la Ufa hadi Lodwar haikuwahi kuwa rafiki wa magurudumu, na mvua chache zinyeshapo, mito mikavu hugeuka mafuriko kwa saa moja.

Njia ya kukwepa mzigo huo iligunduliwa zamani: usibebe gesi, beba vitu vitakavyoitoa. Ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo, kwa sababu wakati huo mitungi haikuwepo. Henry Cavendish alieleza mwaka 1766 kwamba metali zikitiwa kwenye asidi hutoa hewa ya ajabu inayowaka. Miaka kumi na saba baadaye, mjini Paris, Jacques Charles alichukua karibu nusu tani ya chuma na robo tani ya asidi ya salfa, akakesha siku kadhaa kulijaza puto moja la mita za ujazo 35. Liliruka tarehe 27 Agosti 1783 na kuangukia kijiji cha Gonesse, ambako wakulima walilivamia kwa zana zao za shambani wakidhani ni jinamizi. Siku zote puto la kwanza hufika kwa watu ambao hawakualikwa kwenye majaribio.

Wafaransa ndio waliofahamu mapema kwamba suala la gesi ni suala la ugavi. Jeshi la mapinduzi lilipotaka puto la kuwachungulia maadui, salfa ilikuwa inahitajika kwa baruti, hivyo asidi ikawa anasa. Wakaamua kupitisha mvuke wa maji juu ya chuma kilichowashwa hadi kuwa chekundu; chuma hunyakua oksijeni ya maji na kuiacha haidrojeni huru. Kwa gesi hiyo puto la L'Entreprenant lilipaa juu ya vita vya Fleurus, tarehe 26 Juni 1794. Tanuri lake lilikuwa kubwa na halikuhamishika kwa urahisi. Waingereza walipoleta maputo Afrika mwaka 1885, kule Bechuanaland na kwenye pwani ya Sudan huko Suakin, walichagua njia iliyo kinyume: gesi iliyoshindiliwa kwenye mitungi, kutoka kwao hadi jangwani. Ilifaa kwa sababu bandari ilikuwa jirani na vita vilikuwa vifupi. Mtu anayetaka kurusha puto kila siku ya Mungu kwa miaka ishirini, kilomita mia saba kutoka kwenye kiwanda, hawezi kuiga jeshi la msimu mmoja.

Karne ya ishirini ilileta poda. Ukiyeyusha soda kali katika maji kisha ukatia vumbi la ferosilikoni, yaani chuma kilichochanganywa na silikoni, mchanganyiko huchemka wenyewe bila moto na kutoa haidrojeni kwa wingi. Majeshi ya Ulaya yaliitumia njia hiyo kujazia maputo yao ya ulinzi katika Vita Kuu ya Kwanza. Kilo moja ya silikoni hutoa zaidi ya mita moja na nusu za ujazo za gesi. Ukijumlisha na soda yake, mzigo wa kutengeneza mita moja ya ujazo ni kilo mbili na nusu hivi, karibu robo tu ya uzito wa mtungi kwa gesi hiyo hiyo, na hakuna chochote cha kurudisha Nairobi ila gunia tupu. Alumini badala ya ferosilikoni hufanya kazi hiyo hiyo kwa soda hiyo hiyo. Pia kulikuwa na hidridi ya kalisi, ambayo Wafaransa waliiuza kwa jina la hydrolithe: huhitaji maji tu, na kilo moja hutoa mita moja ya ujazo na ushei. Wamarekani waliipakia katika mikebe kwa ajili ya wapimaji wao wa hali ya hewa wa Vita Kuu ya Pili. Mpimaji alitoboa mkebe, akautumbukiza kwenye maji, akaunganisha mpira.

Mambo haya yote yanasikika mepesi kwenye karatasi. Kibandani hayakuwa mepesi. Soda kali huunguza ngozi na hutafuta macho. Mchanganyiko wenyewe hupata joto kali, na ukiharakisha kutia poda, povu hupanda na kuziba bomba la kutolea gesi, shinikizo likaongezeka ndani ya chombo. Ukichelewa kuosha chombo baada ya kazi, masalio ya silikati hukauka yakawa magumu kama mwamba, na kesho yake utayatoa kwa patasi. Gesi yenyewe haina rangi wala harufu. Ikichanganyika na hewa, kuanzia asilimia nne tu hadi sabini na tano, cheche moja inatosha, na mwali wake mchana hauonekani. Dunia ililiona jambo hilo tarehe 6 Mei 1937, meli ya angani Hindenburg ilipoteketea Lakehurst, Marekani, ikaua watu 36. Mpimaji wa kijijini hakuhitaji cheche ya namna hiyo. Hewa kavu ya jangwa, mpira unaosuguana na mikono, shati la nailoni, vyote huzaa umeme tuli. Ndiyo maana kanuni za vibanda vya haidrojeni duniani kote zinafanana: nguo za pamba, viatu visivyo na misumari, waya wa kupeleka umeme ardhini, madirisha wazi juu kabisa ya ukuta kwa sababu gesi hukimbilia darini. Na sigara ibaki nyumbani.

Tena kuna maji. Kila moja ya njia hizi hula maji: ya kuyeyushia, ya kupozea chombo, ya kusafishia gesi kabla haijaingia kwenye puto, ya kuoshea mikono iliyorukiwa na soda. Lodwar ina bahati ya Mto Turkwel. Ingekuwa kituo kipo Lokichar au Kakuma enzi hizo, mapipa ya maji yangeshindana na mzigo wa kemikali kwenye lori.

Afrika Mashariki iliingia katika historia hii mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1908 Taasisi ya Anga ya Lindenberg, Ujerumani, ilimtuma Arthur Berson na mwenzake Hermann Elias kuja kupima anga la ikweta. Berson hakuwa mtu wa kukaa ofisini. Tarehe 31 Julai 1901, yeye na Reinhard Süring walipanda kwa puto la haidrojeni kutoka Berlin hadi mita 10,800, wakiwa kwenye kikapu kilicho wazi, na wote wawili wakazimia. Safari hii, badala ya kupanda yeye, alipandisha vyombo. Kwenye pwani yetu na juu ya Ziwa Viktoria, kundi lake lilirusha tiara na maputo ya mpira yenye vinasa joto, meli ikiyafukuza ili kuviokota vilipoanguka majini. Juu ya ziwa lile lenye joto walikuta baridi kali kuliko ile ya juu ya Ulaya, nyuzi zaidi ya 80 chini ya sifuri. Na walikuta kitu kingine: pepo za magharibi kileleni, mahali ambapo kila mtaalamu alitarajia pepo za mashariki. Zikaitwa pepo za Berson, zikabaki kuwa kitendawili hadi 1960 na 1961, Richard Reed na R. A. Ebdon walipoonyesha kwamba pepo za tabaka hilo juu ya ikweta hugeuka mashariki na magharibi kwa zamu, zamu nzima ikichukua miezi 28 hivi. Kampuni ya Loon ilipoleta intaneti ya maputo Kenya mwaka 2020, ikishirikiana na Telkom, iliyaongoza maputo yake kwa kuyapandisha na kuyashusha kati ya pepo za tabaka hilo la juu. Ilifunga kazi mwaka uliofuata, lakini somo la anga lilikuwa lile la Wajerumani wa Ziwa Viktoria.

Kazi ya kila siku ilianza baadaye. Mwaka 1929 Waingereza waliunda Idara ya Metorolojia ya Afrika Mashariki, makao yake Nairobi, chini ya Albert Walter, bingwa wa takwimu aliyehamia kutoka Mauritius. Idara haikuundwa kwa ajili ya wakulima. Iliundwa kwa sababu ndege zilikuwa zinakuja. Mwaka 1931 Imperial Airways ilifungua njia ya kutoka Misri kushuka Sudan hadi Kisumu na kuendelea Mwanza. Rubani wa ndege yenye mwendo wa kilomita 150 kwa saa, akikutana na upepo wa kilomita 80 kwa saa usoni, anabaki na nusu tu ya mwendo na tangi la mafuta lisilojua hesabu hiyo. Vituo vya kurusha maputo vikaanza kuota. Vita vya 1940 na 1941, Waitaliano wakiwa Ethiopia na askari wa King's African Rifles wakiwa Lokitaung, vilizidisha haja hiyo kaskazini.

Puto lenyewe la kupimia upepo ni kitu kidogo. Mpira mtupu una uzito wa gramu 30 au 100, na ukijazwa huwa na upana wa chini ya mita moja. Siri yote iko katika kujaza. Mjazaji huning'iniza uzito maalumu kwenye mdomo wa puto na kuongeza gesi polepole mpaka puto linyanyue uzito huo na kutulia hewani bila kupanda wala kushuka. Akifunga hapo, anajua kwamba likiachwa litapanda kwa mwendo unaofahamika, mita 150 au 180 kwa dakika. Anga likiwa angavu huchaguliwa puto jeupe; mawingu yakiwepo, jekundu au jeusi. Kisha mmoja huliachia na mwingine hubana jicho kwenye theodolaiti, akisoma pembe mbili kila dakika kengele iliapo, ya kwanza ya kimo na ya pili ya upande, huku wa tatu akiandika. Kwa kuwa kimo cha puto kinajulikana kutokana na dakika zilizopita, pembe hizo mbili zinatosha kuonyesha liko juu ya sehemu gani ya ardhi, na umbali lililohama kati ya dakika moja na nyingine ndio upepo wa kimo hicho. Usiku walifunga kitaa cha karatasi chenye mshumaa chini ya puto. Ndiyo, mshumaa chini ya haidrojeni, uzi mrefu ukiwatenganisha. Baadaye balbu ndogo ya betri ilikuja, na bila shaka kuna waliopumua.

Kwa kazi hii ya subira, ambayo majina ya walioifanya hayamo katika vitabu, Afrika Mashariki iligundua mito miwili ya upepo. Wa kwanza ulitangazwa na John Findlater mwaka 1969. Alikusanya rekodi za maputo ya vituo vya Kenya, Garissa ikiwa mashuhuri kati yavyo, akaonyesha kwamba upepo wa kusi unaovuka ikweta karibu na pwani yetu ni sehemu ya mkondo mmoja mkubwa unaokwenda Somalia, ukavuka Bahari ya Uarabuni na kuipelekea India mvua zake. Mabaharia wa majahazi walikuwa wameutumia kwa karne nyingi. Findlater aliupatia kimo na kipimo.

Mto wa pili ulikuwa Turkana, na ulichelewa. Tazama ramani ya nyanda za juu: kaskazini kuna milima ya Ethiopia, kusini kuna milima ya Kenya, na kati yake pameachwa ujia wa urefu wa kilomita 700 hivi, kutoka upande wa pwani hadi Sudan Kusini. Upana wake kwenye sehemu nyembamba ni kilomita 150. Marsabit iko karibu na mlango wake wa mashariki. Lodwar iko upande wa pili wa ziwa, upepo unakotokezea. Upepo wa bahari, ukikuta ukuta wa nyanda za juu kulia na kushoto, hupenya hapo, na ukipenya hukaza, mithili ya maji ya bomba la bustani ukilibana mdomo kwa kidole.

Aliyeuweka mkondo huu kwenye maandishi ya sayansi ni Mkenya wa Idara ya Hali ya Hewa, J. H. Kinuthia, pamoja na G. C. Asnani, mtaalamu kutoka India. Idara ilikuwa imezaliwa upya baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977. Ile ya pamoja ilikufa na Jumuiya, kila nchi ikabeba vituo vyake. Kinuthia na Asnani walichapisha ugunduzi wao mwaka 1982 katika jarida la Kimarekani la Monthly Weather Review. Upepo wa kusini-mashariki, walisema, unavuma katika ujia wa Turkana mwaka mzima, bila kujali kusi wala kaskazi, karibu kabisa na ardhi, na mara nyingine mwendo wake unapita mita 30 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 100 kwa saa. Mwaka 1992 Kinuthia alirudi na makala nyingine kuhusu umbo lake, la ulalo na la wima. Ushahidi wake haukuwa satelaiti wala rada, ulikuwa maputo.

Hapa inafaa kusimama kidogo, maana kuna jambo ambalo wasifu wa ugunduzi huu hulipita kimya. Mkondo huu ni adui wa chombo kilichougundua. Fanya hesabu: puto linalopanda mita 180 kwa dakika hufika mita 1,800 baada ya dakika kumi. Kama upepo ni wa mita 30 kwa sekunde, katika dakika hizo kumi limesukumwa kilomita 18. Mpimaji sasa analitazama likiwa kama nyuzi sita tu juu ya upeo wa macho, nyuma ya vumbi, na kosa dogo la kusoma pembe hugeuka kosa kubwa la kukadiria mwendo. Muda si muda limepotea. Kwa hiyo siku za upepo mkali kuliko zote ndizo zenye rekodi fupi kuliko zote, na wingu dogo likipita mbele, mchezo umekwisha. Aidha, mkondo hukaza usiku wa manane kuelekea alfajiri, ardhi inapopoa na hewa ya chini kuacha kuchanganyika na ya juu, saa ambazo kufuata puto kwa jicho ni tabu tupu. Kama Kinuthia alipata mita 30 kwa vifaa vile, sifa yake ni kubwa zaidi ya inavyoonekana.

Faida ya ugunduzi haikuwa kuwatisha marubani tu. Ulijibu swali la zamani: kwa nini Turkana ni kavu? Ikweta iko karibu, ziwa kubwa lipo katikati, Bahari ya Hindi haiko mbali, na bado Lodwar hupata mvua ya milimita 200 hivi kwa mwaka. Jibu rahisi la shuleni, kwamba milima inaizuia mvua, ni nusu ya ukweli. Unyevu unafika. Unaingia kwa ujia huo usiku na mchana, lakini unapita kasi. Upepo unapotoka kwenye sehemu nyembamba hutawanyika, hewa ya juu hushuka kujaza nafasi, na hewa inayoshuka huua mawingu. Sharon Nicholson, mtaalamu wa Kimarekani wa tabianchi ya Afrika, alieleza uhusiano wa mkondo na ukame huu katika makala ya mwaka 2016. Kabla yake, mwaka 2001, Matayo Indeje na wenzake, Laban Ogallo akiwemo, walikuwa wameonyesha kwa modeli ya kompyuta jinsi milima yenyewe inavyouzaa mkondo huo.

Kakuma iko kilomita 120 hivi kaskazini-magharibi ya Lodwar, kando ya Mto Tarach, katika njia hiyo hiyo ya upepo. Kambi ya wakimbizi ilifunguliwa hapo mwaka 1992, wakati maelfu ya wavulana wa Sudan walipowasili kwa miguu baada ya kufukuzwa na vita mara mbili, kwao na kisha Ethiopia. Tangu hapo wamekuja Wasomali, Wakongo, Warundi, Waethiopia. Yeyote aliyekaa Kakuma ana hadithi ya vumbi: la kwenye uji, la kwenye daftari, la kwenye kifua cha mtoto. Unyevu uliopita juu ya vichwa vyao bila kuangusha tone unaendelea hadi Sudan Kusini, nchi ambayo wengi wao waliikimbia, na huko unakuwa sehemu ya mvua za nyanda zenye majani. Walikuja kinyume na mwendo wa upepo.

Mwaka 2021, kati ya Machi na Aprili, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford pamoja na Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya waliendesha kampeni iliyoitwa RIFTJet. Safari hii puto lilibeba redio na kipokezi cha satelaiti, likituma joto, unyevu na mahali lilipo hata likiwa ndani ya wingu, usiku au mchana. Yale ambayo theodolaiti ilishindwa kuyafuata yalionekana sasa. Wastani wa mwendo wa saa za alfajiri ulizidi mita 16 kwa sekunde, na tabaka la hewa vuguvugu mara nyingi lilikaa juu ya mkondo kama kifuniko, likiizuia hewa yenye unyevu isipande na kuwa mvua. Lakini matokeo yaliyowaudhi wataalamu yalikuwa mengine: mifumo mikubwa ya kompyuta ambayo dunia huitegemea kuelezea hali ya hewa iliyopita iliuonyesha mkondo huu ukiwa dhaifu kuliko ulivyo kwa karibu robo. Sababu si fumbo. Kompyuta hulishwa vipimo, na juu ya Turkana vipimo vilikuwa haba kwa miongo.

Sababu ya uhaba ni ile ile ya tangu mwanzo. Soda na ferosilikoni zimepungua vituoni. Shirika la Hali ya Hewa Duniani limekuwa likionya kwamba kemikali nyingi za kuzalishia gesi hii ni hatari, na penye umeme wa kutegemewa mashine ya kutenganisha maji kwa umeme huwa ndiyo chaguo. Heliamu haiwaki, ila ni ghali na inarudisha tatizo la mitungi. Kila jibu linataka kitu ambacho Lodwar imekuwa ikikipata kwa shida: umeme usiokatika, maji safi, fundi, au lori. Na puto lenye redio halirudi.

Kwa sasa anayevuna zaidi upepo huo ni mtambo wa umeme. Upande wa pili wa ziwa, karibu na Loiyangalani, Rais Uhuru Kenyatta alizindua mwezi Julai 2019 mradi wa Lake Turkana Wind Power, wenye mitambo 365 na uwezo wa megawati 310, uliotajwa wakati huo kuwa mkubwa kuliko yote ya aina yake Afrika. Baba yake, Jomo Kenyatta, alifungiwa Lokitaung kisha Lodwar hadi 1961, kwa sababu serikali ya kikoloni iliona kwamba mahali pale hapana kitu. Vitovu vya mitambo hiyo viko mita 44 tu juu ya ardhi. Kiini cha mkondo kiko mamia ya mita juu zaidi, na kule bado hakuna nguzo inayofika. Anayetaka kukijua ajaze puto.